Gomesi Chini ya Usukani

Najua wengi wenu mmeiona ile video, kwa hivyo sina haja ya kujificha: ndiyo, yule mama wa gauni la gomesi la rangi ya chungwa pale makutano ya Malaba, kichwa kikiwa kwa pedali za gari na sehemu nyingine zote zikiwa zimeachiwa umma, ni mimi. Sura haionekani (namshukuru Mungu kwa hilo), lakini Busia nzima inajua ni mwanamke gani anayeweza kuinamia gari namna ile kwa hiari yake. Wacha basi nisimulie mwenyewe, maana video inaanza katikati na kuisha kabla ya utamu.

Mimi ni fundi wa waya za magari, nina banda langu Busia. Mume wangu Ouma hana neno na kazi yangu, shida ilikuwa wazazi wake. Mama mkwe alikuwa akiwaambia wenzake wa kanisani kwamba ninauza vipuri, ili asiseme ninalala chini ya magari ya wanaume. Baba mkwe hakusema lolote, lakini hilo si ajabu, kwa sababu kwetu Bukhayo mzee na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kukaa mbali: sishiki mkono wake, siketi kiti chake, na akiwa na neno nami anamtuma mkewe hata kama nimesimama palepale nasikia. "Mama Ouma, mwambie mke wa Ouma mchuzi una chumvi." Nami najibu kupitia njia hiyohiyo.

Sasa mzee ana gari moja kuukuu, saluni ya otomatiki, anaipenda kuliko sisi sote. Ikaanza kung'ang'ania gia moja, ukikanyaga mafuta inalia tu bila kubadilisha, na taa moja kwa dashibodi inapepesa. Mafundi wawili walishasema gia boksi imekufa, atafute nyingine. Na wakati huo shemeji yangu Wandera alikuwa amepata mchumba Moding, siku ya kwenda kwa wakwe imekaribia, na mzee ameapa ataingia kwa wakwe akiendesha gari lake mwenyewe. Basi mimi na mdomo wangu nikasema mezani, "Hiyo si gia boksi. Ni umeme."

Watu wakaacha kutafuna. Mzee akafikiri, kisha akamgeukia mkewe. "Mwambie mke wa Ouma aitengeneze. Lakini ikikwama njiani nikienda kwa wakwe, hiyo banda afunge, akae nyumbani kama wanawake wengine."

Mwenye akili angesema ngoja nifikirie. Mimi nilisema sawa.

Na niliitengeneza, jamani, niliitengeneza vizuri. (Kiti cha dereva ni kiti cha mzee, siwezi kukikalia, kwa hivyo nilifungua boliti zake nne nikakitoa chote nikakiweka juu ya meza, nikafanya kazi nimechuchumaa kwenye sakafu ya gari, asije mtu akasema nimekosea adabu.) Nikafuata waya mmoja mmoja kwa mita ya kupimia umeme mpaka nikafika kwenye plagi kubwa inayoingia gia boksi, nikaifungua, nikakuta oili imepenya ndani na meno yake yameota kutu ya kijani. Umeme wa kuambia gia "badilika" ulikuwa unafia hapo. Nikasafisha, nikabadilisha meno mawili, Ouma akaiendesha hadi Bumala na kurudi, gia zikapanda zenyewe, laini kabisa. Nilitembea wiki hiyo nimeinua kidevu.

Hapo ndipo Wandera akaja na taa zake za mapambo, zile ndogo za kumetameta, nyekundu na bluu, anataka ziwekwe kwenye kioo cha nyuma ili mzee akifunga breki ziwake zote pamoja, wakwe waone. Kwa kawaida ningevuta waya mpya kutoka betri, na fyuzi yake. Lakini ilikuwa jioni, nywele zinanisubiri kusukwa, na waya wa taa za breki ulikuwa palepale kwenye buti ukinitazama. Nikaungia hapo. Zikawaka vizuri sana, Wandera akacheza.

Asubuhi mama mkwe akanikuta nikipakia sanduku langu la vyombo. "Mama Tracy, leo wewe ni mke wa mtu, si fundi. Hiyo sanduku iache." Nikaiacha. Nikavaa gomesi yangu mpya, mabega yamesimama, mshipi mpana umenifunga tumbo, kucha zimepakwa rangi, nikapanda gari la akina mama na mama mkwe na mashangazi, mzee mbele na ndugu zake wawili ndani ya saluni, buti imejaa sufuria na kreti za soda mpaka Wandera akaifunga kwa kuikalia. Hakuna aliyeona kwamba ule waya wangu wa mapambo umebanwa na kifuniko. Kuanzia Busia mpaka Malaba, kila tukiruka tuta, kifuniko kinautafuna.

Tukafika makutano ya Malaba, trela la Uganda limejipenyeza kati yetu na mzee, polisi akasimamisha upande wetu. Mzee ana tabia yake: akisimamishwa anaweka gia kwenye P, anavuta handbreki, anasubiri kwa heshima. Polisi akaruhusu. Trela zikanguruma. Saluni ya mzee ikabaki.

Kwanza honi moja, kisha zote. Nikamwona mzee kwa mbali anavuta mkono wa gia, hautoki P. Anazima, anawasha, anavuta. Hautoki. Boda boda wakaanza kukusanyika, mwuza ndizi akaja, vijana wa kubadilisha pesa wakaacha noti zao. Mashangazi wakanigeukia wote kwa pamoja. Mama mkwe akasema polepole, "Si ulisema umemaliza?"

Nilishuka nikakimbia (mtu hakimbii na gomesi, anarukaruka), na nilipofika mzee akashusha kioo, akatazama mbele, akamwambia mkewe aliyekuwa ananifuata akihema, "Mwambie mke wa Ouma nilisema nini." Banda langu likapita machoni mwangu, na kufuli mlangoni.

Ndipo dereva wa trela akashuka, Mganda mmoja mnene, amekasirika. "Nyabo, huyu mzee mimi kidogo nimpande. Hii gari yenu haina taa ya breki."

Nikamwambia arudie. Akarudia, ananishangaa kwa nini natabasamu.

Maana gari za otomatiki zina mlinzi mdogo kwenye gia: usipokanyaga breki, hakuruhusu utoke P. Na anajuaje kama umekanyaga? Anapata habari kwa waya uleule wa taa za breki. Taa hazina umeme, mlinzi hana habari, gia haitoki. Gia boksi ilikuwa nzima kabisa. (Kuna kifungo cha kumhepa huyo mlinzi kando ya gia, lakini wale mafundi wa kwanza walikitumbukiza ndani kwa bisibisi.) Fyuzi imeungua, na nilijua nani ameiunguza. Nikaenda nyuma, nikafungua buti, nikaona waya umechubuka hadi shaba. Koleo sina. Nikaukata kwa meno.

Sasa fyuzi. Sanduku lake liko chini ya usukani, juu ya pedali, na mbele yake kuna kiti cha mzee. Kukitoa siwezi, kukikalia siwezi. Nikamwomba mama mkwe amwombe mzee ashuke. Mzee akashuka, akaelewa kinachofuata, akageuka akasimama akiitazama Uganda ng'ambo ya mpaka, na ndugu zake wakasimama naye wakaitazama Uganda vilevile.

Nikapiga magoti barabarani, nikaingiza kichwa. Hapo ndipo video inapoanzia. Nikang'oa fyuzi ya breki kwa kucha, kucha mbili zikaenda. Imeungua. Nikang'oa ya honi, saizi ileile, nikaisukuma mahali pake, nikabonyeza pedali ya breki kwa mkono. Juu ya kichwa changu nikasikia mlinzi wangu akisema "tak", na nyuma yule Mganda akasema, "Zimewaka, nyabo. Zote."

Ningekuwa na akili ningetoka taratibu. Nilitoka kwa furaha, mshipi ukanasa kwenye wenzo wa kiti, mimi nikaja, mshipi ukabaki, na gomesi bila mshipi, mnaijua wenyewe. Mama mkwe alirusha leso yake juu yangu kabla sijajua nimefunguka. Alinifunga mwenyewe, kwa nguvu, akaniambia sikioni, "Simama vizuri, watu wanakupigia makofi." Na kweli walikuwa wanapiga, hata polisi.

Tukafika Moding bila honi, tukiimba tu, na video ilikuwa imefika kabla yetu. Wasichana wa pale getini walikuwa wameinama wakicheka. Baba wa bibi harusi, Mteso mrefu mpole, akatusalimia "Yoga", kisha kabla ya jambo lolote akauliza, "Na huyo wa gari ni nani? Kuna yangu nyuma ya ghala, imekataa gia tangu mvua."

Nikatazama chini. Mzee akasimama, akarekebisha koti. "Ni wetu huyo," akasema. "Hatukumkodi."

Jioni wakati wa kurudi mama mkwe alitandika leso yake ileile juu ya kiti cha dereva, akaipapasa pembeni, akaniambia, "Sasa si kiti chake. Ni leso yangu. Keti." Nikaketi, nikaendesha, mama mkwe kando yangu, mzee nyuma na ndugu zake, gia zikipanda moja baada ya nyingine bila mtu kuzigusa.

Mapambo siungi tena kwenye waya wa breki, hata aje gavana mwenyewe na taa zake mkononi, na gomesi nikiivaa naivalia suruali ndani.

Tulipopita Malaba, mzee akakohoa. "Mama Ouma."

"Naam."

"Mwambie fundi Jumatatu afungue banda mapema. Nataka honi yangu."