Nusu Saa ya Kupoza

Iko asubuhi moja ya hapa Babati ambayo haijanitoka, mwanangu. Nakusimulia wewe kwa sababu umeanza kupiga muziki kwenye kumbi za disko.

Niliacha shule mapema nikawa mzururaji. Kila mji nataka kuuona, kila mashine nataka kuifungua. Mwenda bure si mkaa bure. Hapa niliokota kazi kwa Mzee Kanuti, mpiga disko wa ukumbi mmoja mjini. Sharti lake lilikuwa moja: disko likiisha, watu hawaagwi mpaka wapigiwe nusu saa ya ule muziki wa kompyuta usio na mwimbaji, mdundo wake taratibu kama mtu anayepumua usingizini. Watu hukaa, hunywa maji, jasho hukauka. Mwenyewe aliuita kupoza.

Usiku wa kuamkia asubuhi hiyo aliniachia mitambo. Nami nilikuwa na tiketi ya basi la alfajiri la Dodoma, mji umeshanichosha. Nikazima muziki ghafla, nikawasha taa.

Rafiki yangu Deo, damu bado inachemka, akaniambia, "Oya, unatufukuza kama kuku? Hata kupoza hakuna?"

Nikamjibu kwamba upepo wa pikipiki yake utampoza. Akacheka, akaondoka kwa kasi kuelekea kwao, mbele kabisa ya Bonga, njia hiyohiyo ya Dodoma.

Nami nikapanda basi langu; tulipofika Bonga likapunguza mwendo. Matawi yalikuwa yametandazwa barabarani kuashiria ajali. Pembeni alilala mtu aliyefunikwa kitenge, viatu vyeupe vya Deo vimechomoza. Konda akauliza kama kuna anayemfahamu. Nikanyamaza. Basi likaondoka, nami ndani yake.

Miaka mingi baadaye nilirudi nikamwamkia Mzee Kanuti. Akaitikia marahaba.

"Deo alilala mochwari siku mbili bila jina," akasema. "Mama yake hakumtafuta. Alijua yuko na wewe."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miguu yangu ni mizima, mwanangu. Aliyevunjika ni mwingine.

Basi nakuusia: ukiwapandisha watu damu, usiondoke kabla hujaishusha. Wapigie kupoza hata wakikuzomea, hata basi likikuacha. Na ukikuta matawi barabarani, shuka, na kama unamjua aliyelala, mtaje jina.

Mungu akupe subira ya nusu saa, na kila uliyemchezesha afike kwao, abishe hodi kwa mkono wake mwenyewe.