Kigari cha Baba Pacha Juu ya Jeki

Baba Pacha alikuwa kinyozi, mkono wake hautetemeki hata mteja akipiga chafya katikati ya ndevu. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: kigari chekundu cha spoti, cha zamani, kilicholala chini mno hata kuingia ndani ni lazima ukipigie magoti kwanza. Mkewe, muuguzi wa wodi ya majeruhi, alikiita mke mwenza, na wala hakuwa anatania sana.

Jumamosi hiyo bomba la moshi lilikuwa limelegea, kigari kinanguruma mpaka majirani wanafunga madirisha. Baba Pacha akavaa ovaroli, akakiegesha uani kwenye saruji. Balaa likaanza hapo hapo: jeki haipiti chini ya bampa. Akaiinamisha, akaigeuza, akaibembeleza, wapi! Mwishowe akatanguliza vipande vya mbao mbele ya magurudumu, akakipandisha kigari juu yake taratibu, jeki ikapenya. Akapampu mpaka pua ikainuka, akajisikia fundi kamili.

"Stendi za kukalishia gari ziko wapi?" Mama Pacha aliuliza kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Ziko stoo. Mpaka ziingie hapa itabidi nikipandishe zaidi, tena nitafute chuma kigumu cha kuzikalisha chini yake. Na mimi nakaza nati moja tu. Dakika mbili, mama."

Mama Pacha hakubisha. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mumewe, maana mwanamke huyu hubishana hata na redio. Aliweka kikombe chini, akakusanya gauni lake, akalala chali, akaanza kujisogeza chini ya gari, kichwa kikitangulia.

"We! Unafanya nini?"

"Nakukazia nati. Lete spana."

"Toka huko!" Kinyozi alimdaka kifundo cha mguu, akamvuta kwa nguvu hata kiatu kikachomoka. "Jeki ikishuka je?"

"Ahaa. Kumbe huwa inashuka?" Mama Pacha aliketi, nywele zimejaa vumbi, uso hauna hata chembe ya kicheko. "Hao wa dakika mbili nawapokea wodini, Baba Pacha. Wewe sitaki kukupokea."

Kinyozi alimrudishia kiatu. Aliona aibu, tena aibu ya kweli: kifua chake angekilaza chini ya chuma kile huku akipiga mluzi, cha mkewe hakuthubutu.

Akaenda stoo. Akavuta breki ya mkono, akayakaba magurudumu ya nyuma kwa matofali yasisogee, akapampu jeki tena. Stendi hakuziweka kwenye ukingo wa bati. Alizikalisha chini ya chuma kinene cha fremu, huku na huku, kisha akakishusha kigari kikazikalia. Jeki akaiacha pale pale, ikigusa tu. Akasukuma kwa bega. Mama Pacha naye akasogea, akakipiga kikumbo cha nyonga ambacho hakikuwa cha utani. Kigari kikatulia tuli.

"Haya, ingia," akasema.

Baba Pacha akaingia. Nati moja ikageuka tatu, mojawapo ina kutu ya miaka, na chai ikapoa mlangoni bila mnywaji. Muda wote huo mkono wa Mama Pacha ulikuwa umemshika mguu, tayari kuvuta.