Mguu wa Mama Wenye Umeme

Mama alipopata kiharusi, mguu wake wa kushoto uligoma. Akitembea, vidole vinaburuta chini. Alichimba mitaro Chanika nzima, greda lenyewe lingemwonea wivu. Alianza kuswali amekaa kwenye kiti, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Idi hii nataka nisimame safuni na wenzangu," alisema.

Hospitalini Korogwe, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimvalisha kishikizo cha plastiki cha kubana kifundo cha mguu, na chini ya goti mkanda wenye vibandiko viwili. Akiinua kisigino, mkanda unapeleka umeme kidogo, msuli unashtuka, vidole vinanyanyuka. Siku ya kwanza aliruka, bado kidogo aguse dari.

"Sisimizi hawa!" akacheka. "Lakini wana adabu, wananinyanyulia mguu."

Habari zikaenea mtaani kwamba Mama ana umeme. Mimi na fizikia yangu ya shule ya jioni nikawaeleza kuwa betri ile haiui hata mbu. Wapi! Watu wakawa wanamwamkia kutoka ng'ambo ya barabara.

Asubuhi ya Idi alitia udhu kwanza, tukaukausha mguu, ndipo nikamfungia mkanda. Uwanjani, kwenye safu za wanawake, nilisimama kulia kwake. Kushoto alikuwa jirani yetu, naye akaacha pengo la kupita ng'ombe na ndama wake.

"Sogea tuzibe safu," Mama akamwambia.

"Mwenzangu, umelizima hilo dude? Miguu ikigusana si nitakauka hapa?"

"Njoo, uchaji na simu."

Hakusogea. Pengo lilikuwa upande wa mguu mbovu, nikanyoosha mkono nimshike.

"Niache," Mama akaninong'oneza, na imamu akapiga takbira.

Tulipoinuka kutoka sijida, plastiki ililia kwa chini. Mama akayumba kushoto, kusikokuwa na bega la mtu. Swala yangu, Mungu anisamehe, ilihamia yote kwenye mguu ule. Vidole vikanyanyuka, kisigino kikakaa, akasimama.

Ndipo jirani akasogea, kidogo kidogo, mpaka bega likagusa bega.

Tulipotoa salamu akamgeukia. "Mbona sijasikia umeme?"

"Umechelewa," Mama akasema. "Nimeshasimama."

Hotuba ikaanza. Wale wawili waliendelea kunong'ona na kucheka hadi safu ya mbele ikageuka kuwakemea.