Mtu Mmoja Aliyeandika Jina Langu

Baba alinukia dawa ya kung'arishia shaba. Alinukia hivyo hata akitoka kuoga, na chumba chetu kimoja katika kambi ya polisi ya Naguru kilinukia vivyo hivyo: mito, blanketi, daftari zangu, hata posho, ugali wetu, tuliyosonga jioni. Alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya polisi. Sisemi yale matarumbeta madogo yenye mbwembwe. Lake lilikuwa lile kubwa linalomzunguka mtu mwili mzima, linalotoa sauti moja nzito, bu, bu, bu, huku wenzake wa mbele wakipata sifa zote. Mama alikuwa amebaki kwetu Arua na wadogo zangu, akilima. Mimi nililetwa Kampala nikiwa na miaka kumi ili nisome, na maisha yangu yakawa ni Baba, tarumbeta na mimi. Ilikuwa miaka ya sabini, jeshi likitawala, na sare yoyote, iwe ya askari wa vita au ya mpuliza tarumbeta, iliwafanya watu wanyamaze ghafla.

Nilisoma shule ya misheni chini ya kilima, ambako nilikuwa mtoto pekee wa kambini. Baba aliniombea nafasi kwa masista baada ya bendi yake kupiga kwenye siku ya michezo, na alijiona amenifanyia jambo kubwa sana. Laiti angejua. Darasani tulitumia Kiingereza, uwanjani wote waliongea Kiganda, na Kiganda changu mimi kilikuwa cha kuombea maji tu. Kilichonijaa mdomoni kilikuwa Kiswahili, na Kiswahili siku zile Kampala kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, ya toa kitambulisho, ya ingia kwa gari. Nilipofungua mdomo kuomba kuruka kamba, kamba ilisimama. Hawakunipiga wala kunitukana. Ningeshukuru kama wangenitukana! Walinipisha tu. Benchi la watoto watatu nilikalia peke yangu, bombani waliniacha nichote kwanza, na tulipocheza kukimbizana hakuna aliyenikamata hata niliposimama wazi katikati ya uwanja. Nilikuwa mpweke, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba ni mpweke.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa Sista Brigita, mama mrefu, mwembamba, kutoka Ireland, mwenye Kiswahili cha kitabuni alichojifunza Kenya kabla ya kuletwa kwetu. Mazoezi ya bendi yalikwisha saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kila siku nilibaki darasani nikifuta ubao kumngoja Baba, na Sista alibaki akisahihisha. Siku moja aliniuliza kama naweza kumnakilia kitu, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri na macho yake yalianza kuchoka. Akatoa kwenye begi daftari la marehemu baba yake. Nilidhani ni sala. Kumbe ilikuwa orodha ya chaguzi za ubunge za jimbo la kwao, mji mdogo wenye mto na ukuta wa mawe, jimbo ambalo halikuwepo tena hata kwenye ramani. Baba yake alikuwa karani wa mji, na wakati wenzake wakikusanya stempu, yeye alikusanya hayo: nani alisimama, nani alishinda, kwa kura ngapi. Mtoto gani mwenye akili timamu ananakili kitu kama hicho? Mimi. Nilikinakili kwa wiki nyingi, na sijapata kufanya kazi kwa furaha kama ile, maana mimi nikiandika, yeye alinisimulia, na shuleni kwetu hapakuwa na mwingine aliyenizungumzisha.

Mwanzoni, aliniambia, mbunge wa mji ule alichaguliwa na watu wachache wasiojaza hata benchi tano za darasa letu, na wote walikula kwa bwana mmoja mwenye ardhi. Baadaye haki ikaongezwa, wenye nyumba wakaruhusiwa kupiga kura, lakini kwa mdomo: unapanda jukwaani, unataja jina kwa sauti, na mtu wa yule mwenye ardhi yuko palepale anakutazama. Ukitaja jina asilolipenda, unarudi nyumbani unakuta vyombo vyako viko nje. Nikamwuliza, "Sasa walimtaja nani?" Sista akacheka. "Wewe ungemtaja nani?" Ikapita miaka, zikaja karatasi na sanduku, na kwenye orodha hesabu zikageuka ghafla, ukoo uliozoea kushinda ukaangushwa vibaya. Kisha mji ukanyang'anywa kiti chake, ukamezwa na jimbo la mashambani, na hapo orodha ikawa ya ajabu. Uchaguzi baada ya uchaguzi niliandika jina lilelile, na mbele yake hapakuwa na hesabu, ila neno moja: hakupingwa. Hakupingwa. Hakupingwa. Babu yake Sista alizeeka na kufa akiwa na haki ya kupiga kura bila kupiga hata moja, kwa kuwa hapakuwa na wa kumchagua wala wa kumkataa. Halafu nchi yao ikajitawala, jimbo likafutwa, na daftari likaishia katikati ya ukurasa. Mimi sikumhurumia yule babu. Nilimwonea wivu mbunge. Mtu asiyepingwa na yeyote miaka yote hiyo, nilifikiri, lazima alipendwa kupita kiasi.

Katikati ya muhula monita wa darasa letu alihama. Familia yake ilivuka kwenda Kenya bila kuaga. Walimu wengine wangeteua mwingine tu, lakini nadhani lile daftari lilikuwa limemwingia Sista, kwani alisema tutachagua wenyewe. Aliuliza nani anataka. Macho yote yakamwendea Resty, msichana mcheshi mwenye mwanya, kipenzi cha kila mtu. Miezi michache kabla, watu wa gari lisilo na namba walikuwa wamemchukua baba yake dukani kwake, na hakurudi. Resty akaanza kuinua mkono. Nami, sijui ujasiri niliutoa wapi, nikainua wangu. Wa Resty ukashuka papo hapo. Sista akauliza tena kama yuko mwingine, hakuna mkono ulioinuka. Basi akasema, "Wanaomtaka Ayikoru?" Mikono ikaruka juu yote kwa pamoja, imenyooka kama ya gwaride, hata wa Resty. Niliihesabu: thelathini na miwili, darasa zima pasipo mimi. Mungu wangu, nilivyofurahi! Nilipanda kilima siku ile bila kugusa ardhi.

Siku ile bendi haikuwa na mazoezi, na Baba alikuwa ameketi mlangoni na kitambaa chake, anang'arisha. Nilimmwagia habari yote kabla sijavua viatu.

"Watu yote?" aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Wote, Baba! Sikupingwa!"

"Hakuna hata moja nakataa?"

"Hata mmoja!"

Akakiweka kitambaa chini. Nilingoja anipongeze. "Ayikoru," alisema polepole, "watu yote hawawezi kupenda mutu moja. Hata Yesu walimukataa." Kisha akageuka kulitazama shati lake la sare lililoning'inia kwenye msumari. "Wanaogopa ile shati. Na mimi napuliza bomba tu." Sijawahi kuiona sura yake ikiwa hivyo, si kabla wala baadaye. Nililia mpaka posho ikapoa, na sikujua tena machozi yapi ni ya kujililia mimi na yapi ni ya kumlilia yeye.

Asubuhi nilimwendea Sista nikamwomba turudie, kwa karatasi, na Resty asimame. Alivua miwani. "Karatasi haina adabu, mtoto wangu. Unaweza kukuta huna kitu kabisa." Nikamwambia nataka kujua. Umonita sikuujali tena hata kidogo. Nilichotaka kujua ni kama katika watoto wale wote yupo mmoja, mmoja tu, anayenitaka kweli wakati hakuna anayemwangalia. Alivaa tena miwani, akasema sawa, lakini kazi ya kumshawishi Resty ni yangu.

Nilimkuta bombani. Alirudi nyuma hatua moja nilipofika. Nilipomweleza, alinitolea macho.

"Wewe nataka mimi nikushinde, halafu baba yako atanifanya nini?"

"Baba yangu anapiga tarumbeta."

"Tarumbeta?"

"Lile kubwa la nyuma. Bu, bu, bu," nikamwonyesha, mashavu nimeyajaza.

Resty alibana midomo, akajikaza, akashindwa. "Banange!" alisema kwa Kiganda, akacheka mpaka mwanya wote ukaonekana, kisha akakumbuka anacheka na nani, akaziba mdomo. Lakini alikubali.

Sista alifunga mlango kwanza, maana uchaguzi halikuwa neno la kupaziwa sauti siku zile. Alileta kopo tupu la maziwa ya unga, akalitoboa kifuniko, akatuapia mbele ya msalaba wa ukutani kwamba hakuna atakayejua nani ameandika nini. Tulikwenda mmojammoja nyuma ya kabati. Mimi nilimwandika Resty. Kujipigia mwenyewe kungekuwa kujidanganya. Kisha Sista akaanza kusoma. Resty. Resty. Resty. Mstari wa chaki ukawa unakwenda upande mmoja tu wa ubao, ukafika mwisho, ukaanza mwingine, na upande wangu mweusi mtupu, nami nimelishika benchi kwa mikono miwili. Karatasi zilikuwa karibu kuisha aliposoma, kwa sauti ileile, "Ayikoru." Baada ya hapo Resty tena mpaka mwisho. Alinishinda kwa kura thelathini na mbili kwa moja. Darasa zima liligeuka kunitazama, kuona mtoto wa polisi atafanya nini. Nilisimama, nikavuka chumba, nikampa Resty mkono, nikasema, "Hongera, monita." Nilisikia watu wakishusha pumzi, halafu wakapiga makofi, na nina hakika machache yalikuwa yangu.

Nilimwomba Sista anionyeshe ile karatasi. Nilimbembeleza wiki nzima, bila aibu. "Aliyeiandika aliniamini," alinijibu, na alikuwa amekwisha zitia zote kwenye jiko la konventi. Nikamvizia Resty bombani, nikamwuliza kama ni yeye. "Mimi? Mimi nilipigia mimi mwenyewe! Kwani ningepigia nani?" Basi nikabaki na nyuso thelathini na moja, na yeyote kati yao angeweza kuwa ndiye, kwa hiyo ikanibidi kuwa mwema kwa wote. Niliwasalimu kwa majina kila asubuhi, nikichunguza nani ameitikia kwa namna gani. Kushindwa kulinisaidia kidogo. Siku moja uwanjani mtu alinikamata, kwa nguvu, nikaanguka nikachubuka goti, na nilifurahi hata sikumtazama aliyenisukuma. Lakini nisiwadanganye: benchi langu nililikalia peke yangu mpaka mwaka ulipoisha. Sista Brigita alinyimwa kibali cha kukaa nchini, akarudi kwao, daftari na nakala yangu vikaenda naye. Miaka michache baadaye vita vilifika Kampala, kambi ikawa tupu ndani ya siku mbili, na sisi wa Arua, tuliohesabiwa kuwa watu wa serikali iliyoanguka, tukakimbia tukiwa na tulichovaa. Baba aliliacha tarumbeta juu ya kitanda. Alifia ukimbizini, ng'ambo ya mpaka, bila sare, na watu waliomzika hawakujua aliwahi kupiga muziki.

Mimi nilirudi Kampala nikiwa mwalimu, nikasomesha, nikastaafu. Nimepiga kura mara nyingi, kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea na kwa karatasi, na ninashukuru kwamba ninaweza kufanya hivyo. Ila redio ikitangaza kwamba fulani amepita bila kupingwa, ngoma zikapigwa na vigelegele vikasikika, mimi nyumbani kwangu humsikia Baba akiuliza, hakuna hata moja? Sina mume, watoto wangu wako mbali, na jioni zangu ni ndefu kuliko zinavyostahili.

Miaka kadhaa iliyopita, katika soko la Owino, katikati ya marundo ya mitumba, mama mmoja mwenye kilemba alinishika mkono akaniita kwa jina. Alikuwa akikaa benchi la mbele ya langu darasa la sita. "Ile kura," aliniambia, machozi yakimlenga, "ilikuwa mimi." Nilimkumbatia pale pale juu ya nguo zake. Kisha, kwenye matanga huko Makindye, mzee mmoja mwenye kitambi, aliyekuwa mvulana mpole asiyesema kitu, alinivuta pembeni akaniambia amebeba neno moja tangu utotoni: yeye ndiye aliyeniandika. Nilimwangalia, nikampa mkono. Na mwaka jana Resty alinipigia simu akiwa kitandani hospitalini. "Dada, nilikudanganya pale bombani," alisema, kwa pumzi fupi. "Niliandika wewe. Mama angejua angeniua, baba alikuwa bado hajarudi, tulikuwa tunamngoja. Lakini ulinichekesha."

Kura ilikuwa moja. Wakati ule, katika darasa zima hapakuwa na mtu aliyethubutu kusema kwa sauti kwamba ananipenda. Leo wamekwisha jitokeza watatu kuidai karatasi moja. Nani kati yao anasema kweli sijui, na nimeacha kutafuta. Kila mmoja nimemshukuru kwa moyo wangu wote, na hakuna niliyemwambia habari za wenzake. Wamebaki ishirini na tisa. Simu yangu huwa siizimi.