Breki ya Diski Siku ya Jubilei ya Babu

Kuna watu hapa Ushirombo ambao mpaka leo wakiniona nakatiza na sare ya shule wananyoosha mkono wa kulia, wanaibana hewa kwa vidole vyote vinne, halafu wanajirusha mbele kidogo kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Wanacheka, na mimi nacheka nao maana nikinuna ndiyo watanogewa, ila moyoni nakuwa mdogo kama kisoda. Aibu ni yangu, nimeikubali. Kinachonikaba ni kwamba sikuanguka mimi. Nilimwangusha babu yangu mzaa baba, na bibi akiwa nyuma yake kwenye keria amepakata jogoo, siku ya jubilei ya ndoa yao, mbele ya padre aliyekwisha kushika maji ya baraka na kwaya iliyokuwa katikati ya wimbo.

Ngoja nianzie kwenye baiskeli yenyewe. Babu ana (alikuwa na, ona, ulimi bado unakataa) baiskeli ya gia, maunteni, ile yenye tairi nene za meno, aliyoachiwa na padre mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao, kwa sababu babu ndiye aliyemtunzia bustani ya misheni. Zamani ilikuwa ya bluu. Mimi nimezaliwa nimeikuta ya kutu. Gia zilikuwa nyingi kwa kuzitazama lakini iliyokuwa ikifanya kazi ni moja, siti imeshonwa kwa kamba ya katani, na raba za breki zimelika zikawa laini kama kipande cha sabuni cha mwisho wa mwezi. Kwa hiyo babu alikuwa na utaratibu wake wa kusimama: akiiona kona kwa mbali, anaanza kubana breki hukohuko mbali, mikono yote miwili, vidole vyote, meno nje, na baiskeli inapunguza mwendo taratibu kama ng'ombe anayefikiria. Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi mpaka hakuona kama ni tatizo. Huo mkono wa babu msiusahau.

Na baiskeli hiyo tayari ilikuwa na kesi nyumbani. Baba mdogo Ema anafanya kazi mgodini upande wa Bulyanhulu, na huko wamemfundisha usalama mpaka akija kutusalimia anakagua ngazi ya banda la kuku. Siku babu alipotumbukia mtaroni na mzigo wa mihogo (babu hakuumia, mihogo ndiyo ilivunjika), baba mdogo alituita wote akasema mzee akianguka mara nyingine moja tu, baiskeli anaichukua, anaenda nayo kwake Kalangalala, Geita mjini, na hataki mjadala. Babu akawa anafuta tope kwenye pedali kwa kidole. Shambani anaenda nayo, mnadani anaenda nayo, kanisani anaenda nayo na bibi nyuma. Tulijua wote kwamba kumnyang'anya babu ile baiskeli ni sawa na kumwambia akae kwenye kigoda asubiri.

Ikaja jubilei, miaka hamsini ya ndoa. Baba mdogo akatafuta gari, akanunua na maputo. Babu akalitazama lile wazo la gari kama mtu aliyeletewa uji baridi, akasema sentensi moja tu: "Nilimleta kwa baiskeli, nitampeleka kwa baiskeli." (Aliyomletea bibi ilikuwa nyingine, nyeusi, ya kuazima, lakini nani angembishia?) Wakavutana wee, mwisho wakaelewana: gari litawafikisha kwa katekista, juu ya mteremko, na kutoka pale mpaka mlango wa kanisa babu atampakia mke wake. Baiskeli itengenezwe kwanza. Atengeneze nani? Nikanyoosha mkono. Baba mdogo alinitazama kama anavyotazama mtungi wa gesi unaovuja, lakini babu akasema mwacheni mwizi wa mke wangu afanye kazi (bibi huniita mume wangu, kwa hiyo mimi na babu ni wake wenza wa kiume, utani wetu ndio huo tangu natambaa).

Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo: grisi, tyubu, raba mpya za breki, basi. Lakini mimi na Shija, mwenzangu wa dawati moja kidato cha tatu, tulikuwa tumeshaharibika kwa kutazama video kwenye simu za mafundi wanaookota maunteni zilizooza na kuzirudisha zikiwa zimevaa vitu vya kisasa, mpaka unasahau zilitoka jalalani. Tukasema na sisi. Tukaisugua kwa msasa mpaka kucha zikaisha, tukaipuliza rangi nyeusi isiyong'aa, tukatoa kengele, tukatoa stendi, tukatoa madigadi, tukatoa na keria kwa sababu kwenye video hakuna mwenye keria. Bibi akapita, akaizunguka baiskeli mara mbili, akauliza, "Sasa mume wangu, mimi nitakaa wapi, kwenye cheni?" Tukarudisha keria.

Tungeishia hapo, leo ningekuwa naheshimika. Lakini kwa fundi mmoja pale sokoni palikuwa na baiskeli ya kisasa iliyogongwa, fremu imekunjika, ila upande wa mbele mzima kabisa: foku yenye shokapu, gurudumu lenye diski, na breki ya mafuta, ile ambayo ukiigusa tu inakamata. Nikamzibia yule fundi pancha za wateja likizo nzima ili anipe ule upande wa mbele. Ukaingia kwenye fremu ya babu kama vile ulizaliwa nayo. Nyuma hapakuwa na pa kufunga diski, nikaweka raba mpya za kawaida, nikasema inatosha. Kwa hiyo baiskeli ilikuwa mbele kijana, nyuma mzee.

Tukaenda kuijaribu nyuma ya uwanja wa shule. Nikapiga pedali, nikafika kwenye goli, nikabana breki kama nilivyozoea kubana ya babu. Baiskeli ilisimama. Mimi sikusimama. Niliruka juu ya usukani nikatua kwa kidevu, mdomo ukapasuka, na Shija alicheka mpaka akakaa chini akawa anapiga ardhi kwa kiganja. Nikarudia, nikayumba. Nikarudia tena, safari hii kwa kidole kimoja, polepole, mwili nimeurudisha nyuma. Mpaka jua linazama nilikuwa nasimama popote ninapotaka kwa kidole kimoja, najiona mimi ndiye mimi.

Sasa mtu mwenye akili, akishatupwa na kitu na akajifunza kukishika, si anampelekea mwenyewe naye ajifunze? Mimi nikaona hapana, nitamharibia mshangao. Nikaifunga baiskeli kwa shuka la mama, nikaificha kwa akina Shija, na kila babu alipouliza maendeleo nikamwambia bwana harusi haoni bibi harusi kabla ya siku. Akacheka. Hayo ndiyo maradhi yangu, nikishamchekesha mtu naona nimemaliza kazi.

Siku ikafika. Tukakusanyika kwa katekista, babu ndani ya suti ya kahawia iliyonyooshwa mpaka inakata, bibi kwenye gauni jeupe na kitenge cha jubilei, mkononi jogoo wa matoleo aliyefungwa miguu. Chini ya mteremko watu wamejipanga pande mbili mpaka mlango wa kanisa, kwaya imeanza, Shija amenyanyua simu anarekodi. Nikavuta shuka. Watu wakaguna ule mguno wa kukubali. Babu akaishika fremu, akapitisha kiganja mpaka kwenye siti kama mtu anayempapasa ndama, kisha akauliza polepole kama ni ileile. Nikamwambia ni ileile Babu, imerudi ujanani. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, na macho yake yalikuwa na maji, naapa.

Akapanda. Bibi akakaa upande kwenye keria, akamshika kiuno. Babu akatazama mteremko, akatazama ile diski kule mbele, akaniuliza, "Breki zipo?"

Hapo. Hapo ndipo pangetosha kusema tumia kidole kimoja, Babu. Maneno manne, hata pumzi haiishi. Lakini watu walikuwa wananitazama, na watu wakinitazama mimi kichwa huwa kinahama, nikajibu kwa sauti ili wote wasikie: "Babu, hizi zinakamata kuliko polisi."

Wakacheka. Babu naye akacheka, akaachia.

Walishuka vizuri, jamani, nataka mjue hilo. Shokapu inanesa, kitenge cha bibi kinapepea, vigelegele vinawafuata kila wanapopita, na babu mgongo umenyooka kama kijana anayepeleka mke kwao. Halafu akauona mlango wa kanisa kwa mbali, na mkono wake ukafanya ulichofanya miaka yote. Vidole vyote. Meno nje. Mbele pakashuka kama mbuzi anayetaka kupiga pembe, gurudumu likagoma kwenye changarawe, likateleza, babu akapita pembeni ya usukani na suti yake akaburuzika mpaka kwenye miguu ya padre, bibi akakaa chini paa, na jogoo, ambaye kamba ilikatika sijui saa ngapi, akaruka juu ya waimba sauti ya nne akaingia kanisani peke yake, wa kwanza.

Kwaya ilikatika, ila mpiga kinanda alikuwa amefumba macho, akaendelea peke yake.

Watu walikimbia kuwanyanyua, na walipoona wote wawili wanasimama, kicheko kikaanza, kwanza cha kuzuia, halafu cha wazi, halafu jogoo akawika mle ndani na hapo hata wenye adabu wakaanguka. Nilikuwa nimeshuka mbio mpaka pale. Bibi alikuwa ameshika kifundo cha mkono, kinavimba. Nikamwambia pole. Siku hiyo hakuniita mume wangu. Aliniita Masunga, jina langu la shule, akasema, "Masunga, mtazame babu yako."

Babu alikuwa anafuta changarawe kwenye kiganja. Suti imechanika goti. Baba mdogo Ema akafika, wala hakufoka, ingekuwa nafuu angefoka. Akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, umri." Nami nikasubiri babu abishe kama anavyobisha siku zote, na mdomo wangu nao ulikuwa wazi, maneno yapo ulimini, ni breki, ni mimi. Babu akasema, "Kweli. Mkono umezeeka. Ichukue."

Nikafunga mdomo. Mimi ninayechonga kuliko redio, siku ya kusema kitu cha maana nikawa bubu. Misa ikasomwa, jubilei ikabarikiwa, bibi akiwa amefungwa mkono kwa skafu ya mwanakwaya, na jioni baiskeli ikalala juu ya gari la maputo ikaenda Kalangalala.

Video ilifika kila kikundi cha simu unachokijua, imewekewa muziki. (Shija anaapa alimtumia mtu mmoja tu. Na mimi nisijifanye malaika, za watu wengine nimezituma nyingi.) Ikafika mpaka kwa babu, kwa sababu jirani mmoja mwenye huruma ya ajabu alimwonyesha. Siku hiyo aliniita chini ya kibaraza, akaomba nimwekee tena. Akaitazama. Akaniambia nirudishe nyuma, pale mkono unapobana. Akaitazama tena na tena bila kucheka, kisha akaweka kidole kwenye kioo, juu ya lile gurudumu la mbele.

"Hili limesimama lenyewe," akasema. "Mbona limekamata mapema hivi?"

Nikamwambia yote. Diski, mafuta, kidole kimoja, goli la shule, kidevu. Nilimwambia nikitazama kandambili zangu.

"Kumbe na wewe ilikutupa."

"Ilinitupa, Babu."

"Ukachukua muda gani kuizoea?"

"Jioni moja."

Kuku walipita, wakarudi. "Jioni moja mimi ningeipata," akasema, akanirudishia simu.

Nilimpigia baba mdogo nikamweleza kwamba mzee hana kosa, mkono wake mzima kabisa, kosa ni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante kwa kusema ukweli, na kwamba bibi angeweza kuvunjika nyonga, na kwamba baiskeli haitoki stoo. Kwa upande wake hajakosea, ndilo linaloniuma.

Siku hizi babu akienda shambani anapanda bodaboda, nyuma, kofia ameishika asije akaibiwa na upepo. Baiskeli za watu bado natengeneza, nimeshindwa kuacha, lakini hakuna inayotoka mikononi mwangu kabla mwenyewe hajaizungusha uwanjani, kama ni kuanguka aangukie kwangu, si mbele za watu, na akiniuliza breki zipo simjibu kwa utani hata awepo nani. Juzi nilipakiwa pikipiki moja na babu, yeye katikati, mimi mwisho. Tulipokuwa bado mbali kabisa na kona ya kanisani, nikaona mkono wake wa kulia umeshuka pembeni ya paja, ukafunguka, ukaanza kuibana hewa taratibu, vidole vyote vinne.