Mtakatifu Aliyevaa Blauzi ya Kitenge

Siku ile tulikuwa wanne. Mimi. Binti wa mdogo wangu, ambaye kwetu Bukavu ni mtoto wangu kabisa. Ni fundi cherehani, na chumba chake kiko pembeni mwa nyumba, penye kona ya barabara. Mwenye duka la jirani, Mwislamu wa Tanga, si damu yetu, lakini sombe yangu, kisamvu chetu, amekula mpaka udugu umeingia wenyewe. Na mwenye nyumba, bibi wa Kireno, rika langu, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Wa tano alikuwa wa saruji, amesimama kwenye shubaka ukutani juu ya mlango wa fundi. Majina ya wote ninayo kichwani, hata la paka wa dukani. Siyaandiki kwa sababu wenyewe wako hai na wanajua kusoma.

Hapa La Rochelle, mtaa wa huku kusini mwa Afrika, nyumba nyingi zilikuwa za Wareno, na Wareno hupenda kuweka watakatifu nje. Huyu wetu jua lilikula rangi yake yote, njiwa wakamalizia. Joho refu, mtoto mkononi. Wewe ungesema ni nani? Sisi tulisema Mama Maria, na hakuna aliyebisha. Utosini alikuwa na upara, tukasema ni rangi imebanduka.

Basi ikafika sikukuu ya Mama Maria. Kwetu sikukuu bila sare si sikukuu. Watu wa nyumba moja hukata kitenge kimoja. Mtoto wangu akatushonea blauzi za kijani chenye mikungu ya ndizi, mikono imevimba kama maandazi. Kitambaa kikabaki.

"Mama mkubwa," akasema, "sisi tupendeze, yeye akae hivyo hivyo?"

Nikashika ngazi. Akapanda, akamvalisha blauzi, akamfunga na kilemba kuficha ule upara. Kuanzia hapo wateja wakawa wanasimama barabarani: "Fundi, mimi nataka mikono kama ya yule wa juu." Kazi ikajaa.

Taabu ni kwamba mkataba wa chumba ulikuwa unaisha, na mwana wa yule bibi alikitaka afungue saluni. Bibi akasema atakuja kuona kwa macho yake, ndipo aamue. Akikataa, cherehani ingehamia chumbani kwangu, kati ya sufuria na kitanda.

Akaja Jumapili baada ya misa. Tulivaa zile sare ili tumheshimu. Alishuka garini, akatazama juu. Akatutazama sisi. Akatazama juu tena. Kisha akaanza Kiingereza cha mbio, mkono kifuani. Kiingereza changu ni cha kuulizia bei tu, kwa hiyo tukamwita mwenye duka atafsiri.

"Anasemaje?" mtoto wangu akauliza.

"Anaulizia nguo."

"Maneno yote yale, nguo tu?"

Yule wa Tanga akajikuna ndevu. "Anasema huyo ni mwanamume."

Mtoto wangu akawa anaivuta tepu shingoni kama anataka kujinyonga nayo.

"Mimi niliona tangu mwanzo kwamba ile ni kanzu," mwenye duka akasema.

"Na hukutuambia?"

"Dini ni yenu. Mimi ni nani niwafundishe?"

Bibi akaeleza kwamba katika mji aliozaliwa watakatifu wamesimama kila kona, kama robot, taa za barabarani, hapa kwetu, na huyu ndiye hutafutia watu vitu vilivyopotea, na waume pia. Halafu akakaa kwenye benchi la wateja. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, mpaka miwani ikamdondoka. Alipokuwa msichana, akasema, alikuwa na mdogo wa huyu, wa kuweka mezani, akamtumbukiza kichwa chini katika ndoo ya maji mpaka amletee mume.

"Mume alikuja?" nikauliza.

"Alikuja," akatafsiri wa Tanga, "na alikoroma maisha yake yote."

Kwa hiyo blauzi, bibi akasema, si kitu kwa aliyekwisha kutiwa ndooni. Kilemba tu kitolewe, upara upate hewa. Kisha akashika mkono wa blauzi yangu, akaukandakanda, akauliza kama kitambaa bado kipo.

Mtoto wangu hakungoja tafsiri. Alikwisha kumzungushia tepu mabegani.

Saluni ikaambiwa itafute pengine, maana chumba kitabaki cha fundi hadi blauzi ya bibi iishe. Sasa, mtoto wangu ni fundi hodari, lakini ni fundi. Hadi leo blauzi ile ina mkono mmoja. Bibi huja kuijaribu, anakunywa chai, wanabishana juu ya kola, anaondoka ameridhika.

Nanyi mliokuwa mkipita kona ile, kama kitenge kilikuwa cha bluu, au ndoo ilikuwa karai, njooni mniambie. Nitabisha kwanza, halafu nitafuta niliyoandika.