Mtoto Aliyeletwa Ndani ya Kapu la Viazi

Harmtje Dijkema alikuwa mke wa mchonga viatu vya mti katika kijiji kidogo cha mkoa wa Drenthe, na hakujaliwa mtoto. Vita vilipopamba moto, mkunga wa kijiji akamletea kichanga cha kike ndani ya kapu la viazi.

"Wazazi wake Wayahudi, wamejificha," akamnong'oneza. "Ukiulizwa, ni wa dada yako wa Rotterdam."

"Dada yangu hata mume hana!"

"Basi leo kajifungua. Waache waseme."

Wakamwita Aaltje. Wajerumani walipokuja kupekua, Harmtje alimpakata, akawakaripia wasimwamshe. Mtoto akaota meno, akajifunza kutembea juu ya maranda ya Roelof, mumewe Harmtje. Neno lake la kwanza likawa "mama".

Vita vilipokwisha, baba mzazi, Salomon, akaja. Walikuwa wamekamatwa, na mkewe hakurudi kutoka kambi ya Wajerumani. Salomon alikuwa mifupa mitupu ndani ya koti la kuazima. Alipomwona mtoto, akapiga magoti. Aaltje akakimbilia nyuma ya sketi ya Harmtje.

"Mama, mwambie huyu aende!"

Roelof akatoka nje. Harmtje alitamani kumfukuza mgeni, lakini angemnyimaje mtu aliyebakiwa na huyo tu?

"Nenda na baba, mwanangu. Mama atakuja kesho."

Alijua anadanganya. Kilio kilisikika hadi gari lilipovuka daraja la mfereji.

Salomon aliomba wasimtembelee, mtoto apate kuzoea. Wakakubali. Roelof alikufa miaka mingi baadaye bila kumwona tena.

Kisha asubuhi moja mwanamke kijana akabisha hodi, maua mkononi.

"Naitwa Judith. Marehemu baba aliniambia mlinificha. Nimekuja kushukuru, Bi Dijkema."

Harmtje alikuwa ameshainua mikono amkumbatie. Akaishusha taratibu.

"Hukumbuki chochote? Hata kidogo?"

"Samahani. Nilikuwa mdogo mno."

"Kweli, ulikuwa mdogo. Kaa basi, nikumiminie kahawa."

Judith akanywa, akashukuru tena, akawahi basi.

Harmtje akaosha kikombe, akakaa jikoni, akaangua kilio mpaka jirani akaja mbio.

"Kulikoni, Harmtje? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Mwanangu alikuja. Ameshaondoka."